Nane ni Nane

Wenzangu wa Nkuhungu, na ninyi wa mbali mtakaoisoma hii, nataka kulisema leo jambo ambalo mtaani kwetu linasemwa kwa minong'ono na kwa uongo mwingi. Wapo wanaosema Anitha alirogwa. Wapo wanaosema mwalimu wake alimtaka akamkatalia. Hakuna hata moja la kweli. Mimi naitwa Stara binti Abdulkadiri, fundi cherehani, mama yake Shamila, na nyumba yangu inagusana ukuta na nyumba ya Raheli. Nilikuwapo tangu mwanzo mpaka mwisho. Tena nilifanya zaidi ya kuwapo, kama mtakavyoona.

Nyumba ya Raheli ilikuwa nyumba ya raha. Raheli ni mjane, Mgogo, anauza mtama na uwele sokoni Majengo. Alikuwa akikaa na mwanawe Seth pamoja na Anitha, binti wa kaka yake Zablon, yule anayelima zabibu Makutupora. Vijana hao wawili walichaguliwa mwaka mmoja kuingia chuo kimoja hapa hapa Dodoma, jina lake nalihifadhi, kusomea ualimu wa sayansi. Kila asubuhi, nikifungua cherehani yangu barazani, nilikuwa nawasikia wakigombania ndoo ya maji ya kuoga.

Asiye wa huku lazima aelezwe kitu. Kwa Wagogo, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Na si utani wa kuchekeana tu. Mtani wako anaingia chumbani, anavaa ndala zako, anamaliza ugali wako, halafu anakutukana kwamba umeupika vibaya, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna wazee wanakucheka. Na mtani akiona amezidisha, haombi radhi kwa maneno. Siku moja anakuja na zawadi nono bila kukuambia, na yaliyopita yanakuwa yamepita.

"We kichwa cha tikiti," Seth alikuwa akipiga kelele, "kitana changu kiko wapi?"

"Nimekwangulia ukoko wa sufuria. Kimefaa huko kuliko kwenye hizo nywele zako."

"Ninyi mtaachana lini?" Raheli angeuliza, huku anafunga gunia lake la mtama.

"Tukizikwa, shangazi," Anitha angejibu, na mimi ningecheka peke yangu upande wa pili.

Amani hiyo ilivunjwa na karatasi ya kurasa nne.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya somo la Fizikia la mwaka wa kwanza. Mwalimu wao, Dokta Castory, aliigawa siku ya kwanza ya muhula na kuisoma neno kwa neno, wanafunzi wakisinzia. Seth yake aliikunja akaiweka chini ya mguu wa kitanda ulioyumba. Anitha yake aliileta kwangu. Alikuwa na mazoea ya kukaa nami barazani, ananishonea vifungo huku tunapiga soga, na jioni ile alinitafsiria masharti yote.

"Huyu mtu, mama Shamila, ni askari magereza," alisema. "Sikiliza. Alama za muhula ni arobaini. Majaribio madogo kumi na tano, ripoti ya maabara kumi na tano, jaribio la vitendo kumi. Asiyefikisha ishirini haingii chumba cha mtihani wa mwisho. Siku ya jaribio la vitendo mlango unafungwa dakika kumi baada ya saa iliyoandikwa, na aliyekosa harudii. Na ripoti mbili zikiwa na namba zilezile, zote zinapewa sifuri. Haitaulizwa nani kaandika na nani kanakili."

"Sheria gani hiyo?" nikasema. "Mwenye mbuzi na mwizi wa mbuzi wanafungwa kamba moja?"

"Dokta anasema mwenye mbuzi afunge zizi lake."

Tulicheka. Lakini Anitha aliikunja karatasi ile polepole akaitia kwenye mkoba, kwa sababu kwake haikuwa ya kucheka. Kanisa lao ndilo lililokuwa linamsomesha, kwa sharti moja: asirudie somo hata moja. Akirudia, nafasi anapewa mwingine. Zablon baba yake alishamwambia waziwazi kwamba hana njia ya pili. Kwa hiyo kumbukeni hili mnaposoma, kwamba Anitha alikuwa na mguu mmoja darasani na mwingine shambani, na kati yake palikuwa na alama ishirini tu.

Ripoti ya maabara ilihusu kufunga kijiwe kwenye uzi, kukibembeza, na kupima sekunde. Urefu huu sekunde ngapi, urefu ule sekunde ngapi, mpaka jedwali lijae. Anitha alihangaika nayo wiki mbili. Jumapili moja akaliacha daftari mezani akaenda mazoezi ya kwaya. Seth, ambaye akili anazo ila mwili ndio mzito, alikuwa hajapima hata uzi mmoja, na ripoti ilitakiwa kesho yake. Akalichukua daftari la mtani wake akahamisha kila kitu. Na sema Mungu si Athumani, kwenye mstari wa sita Anitha alikuwa amekosea, ameandika 1.84 badala ya 1.48. Seth naye akaandika 1.84.

Dokta Castory alizungushia duara jekundu mistari miwili ya sita, akaandika sifuri mara mbili.

Siku ripoti ziliporudishwa nilisikia sauti ya Anitha mpaka kwangu.

"Ulichukua daftari langu!"

"Sasa? Cha mtani si changu?" Seth alijibu. "Wewe umevaa fulana yangu wiki nzima, nimekushtaki?"

"Fulana haina alama kumi na tano, Seth!"

Na Seth akacheka. Ndugu zangu, kosa la kunakili lingesameheka. Kicheko kile ndicho kilichomchoma. Alikuja kwangu akakaa kwenye kigoda, akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akaandika hesabu kwenye sakafu. Alikuwa amekosa majaribio madogo mawili kwa sababu alikwenda Makutupora kumuuguza baba yake, kwa hiyo alikuwa na alama sita tu. Sita na sifuri ya ripoti. Hata akipata kumi zote za vitendo, ni kumi na sita. Seth, ambaye hakuwa na mgonjwa wa kuuguza, alikuwa na kumi na tatu. Akipata saba tu, anapita.

"Unaona, mama Shamila? Mwizi anapona. Mwenye mali anazikwa."

Nikamuuliza kama amekwenda kwa Dokta. Alikuwa amekwenda. Dokta alimfungulia ukurasa wa pili akamwonyesha kwa kalamu: kama kuna aliyenakili, akiri yeye mwenyewe kwa maandishi, ailete barua kwa mkono wake, kabla mlango wa jaribio la vitendo haujafungwa. Hapo mwenye kazi atarudishiwa alama zake. Baada ya hapo daftari la alama limefungwa.

"Basi mwambie Seth aandike," ndivyo mtu mwema angemwambia. Mimi nilimwambiaje?

Nilimwambia, "Usithubutu kumpigia magoti. Atakucheka mara ya pili."

Niwaambie kwa nini. Mimi nina historia na kisasi. Shaaban, baba yake Shamila, alipotaka kuoa mke wa pili alikuwa na uso mkavu kiasi cha kuja kwangu nimshonee kanzu ya ndoa. Nikaishona. Nikaishona kwa uzi wa kushikizia, ule unaovutwa ukatoka wote mara moja. Siku ya nikahi alipoinuka kupokea mkono wa mashehe, kanzu ikafunguka kutoka kwapani mpaka pindoni, mbele ya wakwe. Mji mzima ulicheka. Na mimi kuanzia siku ile nikajiona bingwa. Wanawake waliokosewa walikuwa wanakuja barazani kwangu kama wagonjwa wanavyokwenda zahanati, nami nawapa dawa. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba utamu wa kanzu ile ulidumu wiki moja, na Shaaban hakurudi.

Nikamsimulia Anitha habari ya kanzu. Hakucheka. Alisikiliza kama mtu anayeandika.

Tangu siku hiyo Anitha aliacha utani. Asubuhi akikutana na Seth uani alikuwa anasema, "Habari za asubuhi, kaka." Kaka! Kwa wasiojua, mtani kukuita kaka kwa adabu ni sawa na kukutangazia vita. Wiki tatu nzima nyumba ile haikuwa na kelele ya ndoo wala kitana. Raheli aliniuliza juu ya ukuta, "Jirani, hawa watoto wana nini?" Nikamjibu, "Mitihani hiyo, mama Seth." Nilimjibu hivyo nikiwa najua kila kitu.

Ikafika Jumatano, kesho yake jaribio la vitendo. Anitha alikuwa kwangu, kiongozi wa darasa lao akatuma ujumbe kwenye simu. Akausoma kwa sauti. Ulikuwa wa Kiingereza: Alhamisi, maabara, eight.

"Eight si ndiyo nane?" nikauliza. "Basi ni saa nane mchana kama Alhamisi zenu zote."

"Hapana, mama Shamila. Eight yao ni saa mbili yetu. Maabara ya kila wiki ndiyo saa nane mchana. Hili jaribio ni la asubuhi." Akataka kuendelea kushona kifungo, halafu mkono ukasimama. Tukatazamana.

"Na Seth anajua?" nikasema.

Ndivyo nilivyosema, maneno matatu. Sikumtuma. Sikumfundisha. Ila niliuliza, na nilijua naulizia nini.

Jioni ile ile Seth alitoka chumbani na simu mkononi. Nilikuwa naanua nguo, nikawasikia.

"Anitha, hii eight ya kesho ni ya asubuhi, au huyu jamaa ameandika nane yetu kama anavyochanganyaga siku zote?"

 Anitha akajibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki tatu, sauti ya zamani ya kuchokoza.

"Nane ni nane, kichwa cha tikiti! Tangu lini maabara yetu ikawa asubuhi?"

Ndugu zangu, mngekisikia kicheko cha yule kijana. Alifurahi mno kurudishiwa utani wake hata hakuuliza neno jingine. Angeulizia nini? Mtani wake alikuwa amemtukana, kwa hiyo mambo yalikuwa mazuri. Anitha hakusema uongo hata mmoja, na hilo alilirudia baadaye mara nyingi, kwamba nane kweli ni nane. Aliuvaa utani ule kama ngozi ya kondoo.

Alhamisi alfajiri nilikuwa nafagia mbele ya mlango. Seth akatoka amevaa mabuti ya shamba.

"Shikamoo, mama Shamila."

"Marahaba. Mabuti hayo ya chuo?"

"Nawahi Makutupora kwa mjomba Zablon. Zabibu zimeiva, na tangu augue nguvu hazijarudi. Nakata mpaka saa sita, saa nane niko maabara." Akasogea karibu, akapapasa mfuko wa shati. "Mama Shamila, nina neno, ila Anitha asijue kwanza. Juzi nilikwenda..."

Nikamkatiza. "Siri za watani mimi zinanihusu nini? Nenda, jua likipanda utakata zabibu za moto."

Akacheka, akapanda bodaboda, akaenda. Nilikuwa na nafasi ya kumrudisha kwa neno moja. Nililitia maji birika, nikanywa chai yangu, na sitawaficha, chai ile ilikuwa tamu.

Yaliyofuata chuoni nayasema kama Anitha alivyonieleza. Yeye jaribio halikuwa na faida kwake tena. Alikwenda kwa ajili ya jambo moja, kuuona mlango ukifungwa Seth akiwa nje. Saa mbili kamili Dokta Castory alisimama mlangoni akitazama saa ya mkononi, akaita majina. Alipofika kwa Seth akainua uso.

"Anitha, binamu yako yuko wapi?"

"Sijui, Dokta."

"Juzi alikuja ofisini kwangu akakiri kuhusu ile ripoti. Nikamwambia aandike, alete leo mwenyewe kabla sijafunga. Akasema tayari ameandika, na nisikwambie, maana ni zawadi yako." Akaitazama saa tena. "Ana dakika sita."

 Anitha akauliza kama anaweza kutoka kupiga simu. Dokta akamjibu kwamba anayetoka haingii. Akatoka. Simu iliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa kuwa Seth alikuwa ameitundika kwenye nguzo ya mizabibu ndani ya mfuko. Alipopokea, mlango wa maabara ulikuwa umefungwa kitambo.

"Binamu! Niko na baba yako huku, anakusalimu. Mbona unapiga kama kuna moto? Si saa nane?"

Anitha akakata simu. Hakumwambia. Akanipigia mimi, akasema maneno matatu: "Alikuwa na barua."

Hapo ndipo nilipoiona asubuhi yangu upya, Seth akipapasa mfuko wa shati. Nilijifunga mtandio, nikachukua bajaji mpaka chuoni. Nilimkuta Anitha kwenye ngazi ya maabara. Tulikaa pale saa nyingi, watu wazima wawili kwa sura, tukingoja saa nane.

Saa saba na dakika arobaini Seth akaja anatembea haraka, jasho linamtoka, mkono mmoja ndoo ndogo ya zabibu, mkono mwingine bahasha. Dokta Castory alikuwa anatoka ofisini kwake.

"Nimewahi, Dokta!" Seth akasema.

"Umewahi la mwakani. Jaribio lilikuwa saa mbili."

Seth akabaki mdomo wazi. Akamgeukia Anitha, bado anatabasamu nusu, kama mtu anayengoja mwenzake aeleze kichekesho.

Dokta si mtu mwepesi, lakini hakuwa mbaya kama tulivyomsema barazani. Aliitazama ile bahasha akashusha pumzi. "Nani alikwambia saa nane?" akauliza. "Ukurasa wa tatu una kifungu cha dharura. Mwanafunzi aliyepewa taarifa ya uongo naweza kumpeleka kwa mkuu wa idara, pamoja na barua yake. Siahidi kitu. Lakini aliyempa taarifa hiyo aseme hapa, mbele yangu."

Njia ilikuwa hiyo, ndugu zangu. Neno moja la Anitha lingeweza kuwaokoa wote wawili. Neno moja langu pia. Anitha aliangalia chini. Aliogopa kufukuzwa, na aliona haya. Mimi nilifikiria Raheli akijua, na mtaa ukijua, na ubingwa wangu wa barazani. Nikauvuta mtandio mdomoni.

Kimya kile kilimweleza Seth kila kitu. Niliona tabasamu likiondoka usoni mwake, halafu damu, halafu kikaja kitu kingine ambacho nilikifahamu vizuri sana, kwa sababu nimekiona kwenye kioo changu mwenyewe.

"Ulijua," akamwambia.

"Na wewe hukujua, ulipochukua daftari langu?" Anitha akapaza sauti. "Ulicheka! Nilikuwa nakufa, wewe ukacheka!"

"Nilicheka kwa sababu wewe ni mtani wangu. Jana nawe ulicheka nami. Ulikuwa unacheka nini?"

 Seth akaifungua bahasha, akaitoa barua, akaikunjua ili sote tuone kwamba imejaa maandishi. Nikadhani atampa Dokta. Dokta mwenyewe alishanyoosha mkono. Seth akaichana mara mbili, akaichana tena, akavitia vipande ndani ya ndoo ya zabibu, akaiweka ndoo miguuni pa Anitha.

"Zawadi yako hiyo," akasema. "Sifuri ni yetu sote. Ukitaka kwenda kwa mkuu wa idara, nenda na karatasi hizo."

Akaondoka. Dokta Castory akarudi ofisini akafunga mlango.

Yaliyobaki mnayajua, maana mmeyaona. Kanisa lilimpa nafasi msichana mwingine. Raheli alipopata habari alilitoa sanduku la Anitha mpaka nje ya geti na kusema kwa sauti, mtaa mzima usikie, kwamba mtoto wa kaka yake amemla mwanawe. Zablon akajibu kutoka Makutupora kwamba mwanawe Raheli ni mwizi, na kwamba siku yeye akifa, dada yake asije kumzika. Mama yao mzee alipofariki mwezi wa sita, kaka na dada walikaa pande mbili za kaburi, wala hawakupeana pole. Watani hawakutania msibani kama desturi inavyotaka. Hilo lilinitisha kuliko kilio. Seth anarudia mwaka. Anasoma kila karatasi mara mbili, anaamkia vizuri, anapita. Sijamsikia akicheka tangu siku ile, na Makutupora ameapa hatakanyaga.

Nilikwenda mimi. Nilichelewa, lakini nilikwenda. Zablon alinisalimu, "Mbukwa," akanionyesha kwa kidole mstari wa mizabibu, akanipa mgongo. Anitha alikuwa na mkasi, anakata vichala anaweka kwenye kreti, amekonda. Nikamweleza kila kitu. Asubuhi ya mabuti. Chai. Kanzu ya Shaaban na jinsi utamu wake ulivyokuwa wa wiki moja. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

Aliendelea kukata mpaka kreti ikajaa. Kisha akanyooka.

"Seth nilimchukia, mama Shamila, na bado namchukia, sikudanganyi. Mwenyewe pia najichukia. Lakini mimi na Seth tulikuwa watoto wenye hasira. Wewe ulikuwa mtu mzima."

Akachukua kreti tupu, akahamia mstari mwingine.

Mafunzo

Ninyi mnaosoma, someni karatasi mnayopewa siku ya kwanza. Ina jibu la siku ya mwisho. Masharti ya chuo hayajui mjomba wala shangazi, na jasho la mtani si ndala za kuvaa ukarudisha. Ukimkosea mtu, mwombe radhi siku hiyo hiyo na kwa mdomo wako. Usingoje kuifanya zawadi, hujui mwenzako anapika nini wakati wewe unafunga bahasha.

Na wewe uliyekosewa, najua moto ulio nao, maana nimeota moto huo miaka mingi. Sikuambii usikasirike. Nakuambia kabla hujafunga mlango, tazama nani mwingine yuko nje pamoja na adui yako. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huwavuta nduguze wakiwa hawana habari.

Lakini zaidi nasema nasi tunaokaa barazani. Kijana akija na hasira yake, anakuja kwa sababu hajui bado atafanya nayo nini. Anatuangalia usoni. Kwangu mimi alitazama, nami nilimuuliza, "Na Seth anajua?" Nilipata nafasi tatu za kulirudisha neno lile: jioni, alfajiri, na pale kwenye ngazi. Zote tatu nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kumemgharimu binti wa watu shule yake.